Saa ya Kumpumzisha Mbwa Mgonjwa

Uamuzi wa kumpumzisha mbwa mgonjwa, yaani kuyakatisha maisha yake kwa dawa ili asiendelee kuteseka, hutegemea maswali matatu. Je, ugonjwa alionao unatibika? Kama hautibiki, siku anazoziishi bado zina nafuu ya kutosha? Na je, yupo mtaalamu wa kuifanya kazi hiyo bila kumwongezea maumivu? Maswali hayo huulizwa kwa mpangilio huo. Anayeanza na la tatu huenda akamwua mbwa ambaye angepona kwa vidonge vya wiki chache.

Katika kata ya Nzuguni, mashariki mwa Jiji la Dodoma kandokando ya barabara kuu iendayo Morogoro, maswali haya yanazidi kubisha hodi. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, nyumba za kuta na mageti zimeota kwa kasi, na nyuma ya mageti mengi kuna mbwa wa ulinzi: mara nyingi chotara wa jamani shepadi aliyenunuliwa akiwa mdogo, sasa amezeeka. Pembezoni mwa kata, mbwa wa kienyeji bado wanalinda mbuzi na kuku kama walivyofanya kabla ya stendi kuu ya mabasi na Soko Kuu la Job Ndugai kujengwa. Mbwa wa geti na mbwa wa zizi huugua magonjwa yaleyale. Kinachotofautiana ni jinsi wanavyokufa, na hapo ndipo penye tatizo.

Mbwa mgonjwa hukutwa na moja kati ya mambo mawili mabaya. La kwanza ni kuachwa. Anahamishiwa nyuma ya nyumba, karibu na tangi la maji, anawekewa ugali na hafuatwi tena. Baada ya siku kadhaa inzi wanamwonyesha mahali alipo. La pili ni kuuawa mapema na vibaya, kwa rungu au kwa sumu iliyochanganywa na nyama, kwa sababu ananuka au ana donda la kutisha. Wanaofanya hivyo si lazima wawe wakatili. Wengi hawajawahi kuambiwa kwamba kuna njia nyingine, wala kwamba donda lile lina dawa.

Uchunguzi basi hutangulia. Magonjwa kadhaa ya mbwa wa Kanda ya Kati yana sura ya kifo lakini hayaui yakiwahiwa. Ya kwanza ni yale yanayoletwa na kupe. Mvua za Dodoma hunyesha msimu mmoja, tangu Desemba hadi Aprili, na majani yakishaota kupe huongezeka. Kupe wa mbwa hueneza vijidudu vya aina mbili kuu, Ehrlichia na Babesia. Mbwa huchemka mwili, hukataa chakula, ufizi hugeuka mweupe, pengine damu humtoka puani au mkojo huwa wa rangi ya chai ya rangi. Mwenye mbwa akimtazama anasema huyu amekwisha. Kumbe Ehrlichia hutibiwa kwa doksisaiklini, dawa ya bei ya kawaida, kwa muda wa takriban siku 28, na Babesia nayo ina sindano yake. Sindano hiyo isichomwe kwa kukisia: dawa ya aina hiyo inayouzwa maduka ya pembejeo kwa ajili ya ng'ombe haina nafasi kubwa kati ya dozi inayoponya na dozi inayoharibu ubongo wa mbwa.

Ugonjwa wa pili unaowatisha watu bila sababu ni uvimbe wa sehemu za siri unaoambukizwa kwa kupandana. Huonekana kama koliflawa nyekundu inayotoa damu, na watu humfukuza mbwa wa namna hiyo kwa mawe. Ni saratani kweli, tena ya ajabu, kwa kuwa seli zenyewe za uvimbe ndizo zinazohama kutoka mbwa mmoja kwenda kwa mwingine, na zimekuwa zikihama hivyo kwa maelfu ya miaka. Lakini ni miongoni mwa saratani zinazosikia dawa kuliko zote. Vinkristini, inayochomwa mshipani mara moja kwa wiki kwa wiki nne hadi sita hivi, huwaponya walio wengi. Ukurutu nao unaomnyonyoa mbwa manyoya mpaka akabaki na ngozi nene kama ya mamba unatibika kwa miezi michache, ingawa ivamektini ya ng'ombe ikipimwa kwa jicho inaweza kumpofusha au kumwua. Hata pavo, ugonjwa wa kutapika na kuhara damu unaofagia watoto wa mbwa, una matumaini ukiwahiwa kwa maji ya dripu. Bila dripu wengi hufa.

Upande wa pili yako magonjwa ambayo dawa haiyafuti. Distempa iliyokwisha kupanda kichwani, mbwa akaanza kutetemeka taya na kuanguka kifafa mara kwa mara, ina mwisho mbaya. Figo zilizochoka humfanya mbwa mzee anywe maji kupita kiasi, akojoe sana, akonde, kisha mdomo uanze kunuka na kutapika kuzidi. Hapo kinachowezekana ni kusukuma siku. Moyo ukishindwa, kikohozi huja usiku na tumbo hujaa maji. Uvimbe wa matiti kwa majike ambao hawakufungwa kizazi unapaswa kukatwa mapema, kwa kuwa takriban nusu yake ni saratani, na ukishafika mapafuni kisu hakina tena kazi. Kwa mashepadi tatizo kubwa ni nyonga na uti wa mgongo: miguu ya nyuma huanza kuburuza kucha chini, baadaye mbwa hawezi kuinuka bila kubebwa. Katika hali zote hizi ugonjwa wenyewe hauamuru kifo siku hiyohiyo. Mbwa mwenye figo mbovu anaweza kuishi miezi akiwa na hamu ya kula na mkia unaotikisika. Jina la ugonjwa humwambia mwenye mbwa kwamba saa itakuja, lakini haliitaji saa yenyewe.

Saa hiyo hutafutwa kwa kuitazama hali ya siku za mbwa, na hapa ndipo umakini mwingi unapohitajika. Mwaka 2004 daktari wa wanyama wa Marekani, Alice Villalobos, aliyebobea katika saratani za wanyama, aliandaa kipimo ambacho sasa kinatumika katika kliniki nyingi duniani. Kinataja mambo saba: maumivu, chakula, maji mwilini, usafi, furaha, uwezo wa kutembea, na kama siku njema bado ni nyingi kuliko mbaya. Kila jambo hupewa alama kutoka 0 hadi 10. Jumla ikizidi 35, mbwa anaweza kuendelea kutunzwa. Ikishuka chini ya hapo na isipande tena, ni wakati wa kuzungumza na daktari. Alama hizo ni msaada wa kufikiri. Uzito wake upo katika kumlazimisha mwenye mbwa kutazama kitu kimoja kimoja badala ya kubaki na hofu moja kubwa isiyo na umbo.

Maumivu ndiyo magumu kuyaona. Mbwa halii kwa kuumwa kama mtu, huyaficha. Mbwa mwenye maumivu makali hulala upande mmoja tu, au hatulii kabisa, anazunguka usiku kucha akitafuta mahali pa kulala. Huhema kwa kasi wakati wa ubaridi wa alfajiri, wakati hakuna joto la kumhemesha. Hulamba sehemu moja mpaka manyoya yageuke rangi. Hupinda mgongo. Mpole wa jana humng'ata mtoto anayemshika kiunoni. Zaidi ya maumivu, njia moja rahisi ya kupima hali ya mwili ni kuhesabu pumzi za mbwa aliyelala usingizi: kifua kikipanda na kushuka zaidi ya mara 30 kwa dakika, siku kadhaa mfululizo, moyo au mapafu yamelemewa. Nyingine ni ufizi. Ukibonyezwa kwa kidole hugeuka mweupe, kisha wekundu hurudi kabla ya sekunde mbili kwisha kwa mbwa mwenye mzunguko mzuri wa damu. Ukichelewa, au ukiwa mweupe tangu mwanzo, hali si nzuri. Ngozi ya shingoni nayo ikivutwa juu na kuachiwa inapaswa kurudi mara moja. Ikibaki imesimama kama hema, mwili umekauka maji, jambo linalokuja haraka katika miezi ya upepo na vumbi ya Dodoma.

Kosa moja la kila siku linafaa kutajwa hapa kabla ya kuendelea. Mwenye mbwa akiyaona maumivu hukimbilia kabati la dawa za watu. Parasetamoli, diklofenaki na ibuprofeni, zinazopatikana kila duka la dawa muhimu, ni hatari kwa mbwa: diklofenaki na ibuprofeni hutoboa tumbo na kuua figo, parasetamoli huharibu ini na chembe nyekundu za damu. Mbwa aliyekuwa na miezi ya kuishi anaweza kufa wiki hiyohiyo kwa dawa aliyopewa kwa upendo. Zipo dawa za maumivu za mbwa, na daktari ndiye anayezipima kwa uzito wa mnyama. Mara nyingine dawa hizo zikianza, swali lote la kumpumzisha husogea mbele kwa nusu mwaka.

Chakula na usafi ni rahisi kusomeka. Mbwa wengi wa Nzuguni hula ugali kwa dagaa, makombo ya wali, au utumbo na mifupa kutoka buchani. Anayekataa ugali lakini akapokea utumbo bado ana hamu. Anayenusa utumbo akageuza uso, siku ya kwanza, ya pili, na ya tatu, amefika mahali pengine. Usafi una maana ya kuweza kujitenga na uchafu wake. Mbwa aliyezoea kwenda mbali kujisaidia, kisha akajikojolea alipolala na kushindwa kusogea, hufadhaika waziwazi. Hushusha masikio na kukwepa macho ya watu. Ngozi iliyolowa mkojo huchubuka, inzi hutaga, na funza huingia kwenye kidonda ndani ya siku moja au mbili za joto. Funza katika mbwa asiyeweza kusimama ni dalili kwamba saa imefika, au imepita.

Furaha husikika kama jambo la anasa, lakini ndilo linaloaminika kuliko mengine kwa sababu kila mbwa ana yake na watu wa nyumbani wanaijua. Kuna anayekimbilia getini akisikia pikipiki ya bosi. Kuna anayemsindikiza mtoto wa shule mpaka kona kila asubuhi. Kuna anayependa tu kuota jua la saa mbili kwenye baraza. Daktari mzoefu humwomba mwenye mbwa ataje mambo matatu ambayo mbwa huyo aliyapenda zaidi maishani, kisha amwambie ni lini aliyafanya mara ya mwisho. Yakiwa yote matatu yamekoma, na dawa imeshindwa kuyarudisha, mbwa huyo anasubiri tu.

Kumbukumbu ya watu haifai kuachiwa kazi ya kuhesabu siku, kwa sababu siku moja njema hufuta mbaya tano moyoni mwa anayempenda mnyama. Kalenda ya ukutani inatosha. Kila jioni siku hutiwa alama, njema au mbaya, na siku mbaya zinapozidi njema kwa wiki mbili mfululizo jibu linakuwa limeandikwa. Kazi hiyo isifanywe na mwenye nyumba peke yake. Katika familia nyingi za Nzuguni anayelipa gharama za mbwa huondoka alfajiri kwenda ofisini katika Mji wa Serikali, Mtumba, na kurudi giza limeingia. Anayemjua mbwa ni dada wa kazi anayempelekea maji, mlinzi anayekesha naye, au mtoto anayecheza naye baada ya shule. Mlinzi ndiye anayejua kwamba mbwa hakulala usiku wa tatu sasa. Wao waulizwe kwanza, na wasikilizwe.

Baadhi ya sababu zinazotolewa hazitoshi. Upofu hautoshi: mbwa kipofu hupita katika uwanja anaoujua bila shida, mradi vitu visihamishwehamishwe. Uziwi hautoshi. Mguu mmoja uliokatwa kwa ajali ya gari barabara kuu hautoshi, kwa maana mbwa wa miguu mitatu hukimbia. Uzee wenyewe si ugonjwa. Mbwa mkubwa wa umbo huishi kwa kawaida miaka 8 hadi 12, mdogo huweza kufika 15, na miaka ya mwisho inaweza kuwa ya utulivu mwema. Wala kushindwa kulinda hakutoshi. Mnyama aliyefanya kazi ana haki ya kupumzika akiwa hai, kama ilivyofanyika kwa Magawa, panya buku aliyezaliwa Tanzania katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo mwaka 2013 na kufundishwa na shirika la APOPO kunusa mabomu ya ardhini. Baada ya kazi ya miaka mitano Kambodia alistaafishwa mwaka 2021 na kutunzwa mpaka alipokufa Januari 2022. Kama panya alistahili hivyo, mbwa aliyekesha getini miaka kumi anastahili.

Uhamisho wa kikazi ni sababu nyingine inayosikika katika mji wa watumishi. Mtumishi anapangiwa mkoa mwingine, mbwa hana pa kwenda, daktari anaombwa amalize. Mbwa mzima wa afya hutafutiwa nyumba nyingine. Kumpumzisha kwa sababu ya lori la kuhamisha vyombo ni kuitumia dawa mahali pasipo ugonjwa. Umaskini ni jambo tofauti, na haki yake isemwe. Familia ambayo haina uwezo wa kulipia upasuaji au dripu za wiki nzima haina hatia. Ikiwa matibabu yapo lakini hayafikiki, na mbwa anaumwa leo, kifo cha huruma ni bora kuliko kumwacha ajifie kwa wiki mbili kando ya tangi la maji. Aibu haipo katika kukosa fedha. Ipo katika kumwacha.

Wapo wanaosita kwa sababu ya dini. Mkristo mwingine huona kwamba uhai hutwaliwa na aliyeutoa, na Mwislamu anayefuga mbwa kwa ulinzi hujiuliza kama inajuzu. Mafundisho ya pande zote mbili yanasisitiza huruma kwa mnyama, na katika mapokeo ya Kiislamu kisa cha aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu kinajulikana kwa wengi. Mwenye dukuduku hufanya vyema kuongea na mchungaji au shehe wake mapema, kabla mbwa hajafika mahali ambapo kila saa ya mjadala ni saa ya mateso.

Kichaa cha mbwa kinavunja mpangilio wote uliotajwa. Mbwa aliyebadilika tabia ghafla, anayedondosha udenda, anayeng'ata mbao na mawe, asiyeweza kumeza, au ambaye sauti yake imepooza, hapimwi kwa kalenda wala kwa kipimo cha mambo saba. Hafunguliwi mdomo kuangaliwa kama ana mfupa kooni. Wengi wameambukizwa kwa huruma hiyo. Hutengwa asiguse mtu, na afisa mifugo wa kata huarifiwa mara moja. Mbwa aliyemng'ata mtu lakini anaonekana mzima asiuawe kwa hasira: hufungiwa na kuangaliwa siku 10, kwa sababu mbwa aliyekuwa na virusi mateni wakati wa kung'ata huonyesha dalili na kufa ndani ya muda huo. Akiwa hai siku ya kumi, hakuambukiza. Dalili zikiwa wazi, mtaalamu humwua kwa njia isiyomtesa na isiyoharibu kichwa, kwa kuwa ubongo ndio unaopimwa maabara. Rungu la kichwani linaharibu ushahidi ambao aliyeng'atwa anauhitaji. Naye aliyeng'atwa hasubiri siku 10 wala majibu ya maabara: huosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 na kwenda hospitali siku hiyohiyo kuanza chanjo.

Tukio lenyewe la kumpumzisha mbwa ni la dakika chache. Sheria ya Ustawi wa Wanyama Na. 19 ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama, na Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 iliunda Baraza la Veterinari linalosajili wenye ruhusa ya kufanya kazi ya udaktari wa wanyama nchini. Mwenye mbwa ana haki ya kuuliza kama anayemwita amesajiliwa. Mahali pazuri ni nyumbani. Kumpakia mbwa mwenye nyonga mbovu kwenye bajaji na kumtikisa barabara ya vumbi ni kumwongezea maumivu siku ya mwisho, na daktari wa wanyama anayefika nyumbani kwa pikipiki na begi lake si jambo geni kwa wafugaji. Asubuhi ni bora, kabla ya joto.

Kwanza mbwa huchomwa sindano ya kumtuliza, kwenye msuli au chini ya ngozi, na kuachwa na watu wake kwa dakika kumi au zaidi hadi kichwa kiwe kizito na kidevu kikae chini. Daktari hunyoa manyoya kidogo kwenye mguu wa mbele, hufunga mpira juu ya kiwiko, na mshipa hujitokeza. Dawa inayotumika sana duniani ni pentobabito, ambayo ni dawa ya usingizi inayotolewa kwa kipimo kikubwa kuliko cha upasuaji. Isipopatikana, daktari humlaza mbwa kwanza usingizi mzito kabisa kwa dawa nyingine za nusukaputi kabla ya kuusimamisha moyo. Kinachotakiwa ni kimoja: fahamu itoke kabla ya uhai. Kwa pentobabito fahamu hutoka kwa sekunde, na moyo husimama ndani ya dakika chache. Daktari husikiliza kifua, hugusa kidogo ukingo wa jicho kuona kama linapepesa, kisha husikiliza tena.

Familia ielezwe mapema mambo manne ambayo yasipoelezwa hutia hofu. Macho hubaki wazi. Mkojo unaweza kutoka. Misuli huweza kucheza baada ya moyo kusimama, na pengine kifua huvuta pumzi moja au mbili kubwa. Hayo ni mwili unaojizima; mbwa hayupo tena kuyahisi. Anayetaka kubaki abaki, ashike kichwa na kuongea naye kwa sauti aliyoizoea. Asiyeweza aondoke, bila kulaumiwa na yeyote.

Njia nyingine zinazotumika mitaani hazina mahali. Strikinini, sumu iliyotumika kwa miaka mingi kuwapunguza mbwa koko katika nchi nyingi, humwua mbwa kwa degedege akiwa na fahamu zake zote, na Shirika la Afya ya Wanyama Duniani linaihesabu kuwa njia isiyokubalika. Viuatilifu vya shambani vinavyochanganywa na nyama ni mateso ya aina hiyohiyo, tena huua paka wa jirani na kuku waliodonoa matapishi. Kumpeleka mbwa mgonjwa porini na kumwachia huko ni kumwua kwa kiu.

Watoto waambiwe ukweli. Kusema mbwa amekwenda kijijini kwa babu huwafanya wasubiri arudi, na kusema amelala tu huweza kumfanya mtoto mdogo aogope kulala. Sentensi nyepesi zinatosha: alikuwa anaumwa sana, dawa hazikuweza kumponya, daktari amemsaidia afe bila kuumia. Mtoto aliyeshirikishwa kuandika alama kwenye kalenda huelewa kuliko inavyodhaniwa. Watu wazima nao hulia, na wengi hujificha wakihofia kuambiwa wanamlilia mbwa. Kuishi na mnyama miaka kumi kunaacha pengo. Jirani mwenye busara hutoa pole, akanyamaza.

Maiti huzikwa siku hiyohiyo. Ardhi ya Nzuguni wakati wa kiangazi ni ngumu na huhitaji sululu, hivyo shimo huchimbwa siku moja kabla, si mbwa akiwa tayari amelala uani na watu wanatafuta kibarua. Kina cha mita moja na nusu kinafaa, mbali na kisima na mbali na njia ya maji ya mvua. Sababu ya kina hicho si heshima pekee. Mwili wa mbwa aliyepewa pentobabito hubaki na dawa hiyo kwa muda mrefu, na fisi, tai au mbwa mwingine akiula anaweza kufa. Kwa hiyo hautupwi korongoni wala jalalani, ambako ndiko mizoga mingi ya mbwa huishia. Asiye na uwanja, kama mpangaji, huafikiana na daktari kabla ya siku yenyewe kuhusu mahali pa kuzika au kuchoma.

Baada ya maziko hubaki nyumba na mbwa wengine waliomo. Mwenzake aliyebaki huweza kupunguza kula na kumtafuta kwa siku kadhaa. Ratiba ya chakula na matembezi isibadilishwe. Kama marehemu alikufa kwa kupe, waliobaki waogeshwe dawa ya kupe na banda lipuliziwe. Kama alikufa kwa distempa, vyombo na malazi huoshwa kwa sabuni na kuanikwa juani. Pavo ni ngumu zaidi: virusi vyake hukaa kwenye udongo miezi mingi, hata mwaka, na sabuni ya kawaida haiviui. Sakafu ya saruji huoshwa kwa maji yaliyotiwa dawa ya klorini, lakini udongo wa uani hauoshwi. Katika uwanja wa namna hiyo mtoto mpya wa mbwa asiletwe kabla ya kumaliza chanjo zake za pavo na distempa, ambazo huanza akiwa na wiki 6 hadi 8 na kurudiwa hadi afikishe wiki 16. Chanjo ya kichaa cha mbwa huchomwa akifikisha miezi mitatu, kisha kila mwaka.